Upande wa Baharini

Bwana Esben Thorsager, mchoraji kutoka Kopenhagen, alikuwa na dakika ishirini za kazi kwa siku, na hata hizo hazikuwa za kila siku. Sisi wa kijiji cha Nørreklit tulimcheka mpaka tukachoka. Mtu mzima, ana ndevu na saa ya mnyororo, anashinda kutwa akiangalia mawingu na kunywa kahawa ya watu, kisha ikifika saa tatu na nusu usiku anabeba turubai lake mpaka ufukweni, anapaka rangi hadi saa nne kasoro dakika kumi, anafunga kazi. Mawingu yakitanda, hapaki. Upepo ukivuma, hapaki. Jua likiwa halijazama anasema ni mapema mno, na ukikohoa kidogo tu ukainua macho, keshasema amechelewa.

Mume wangu Jeppe alimwambia siku moja, "Bwana, mimi ningevua kwa mtindo wako, kijiji hiki kingekula mchanga."

"Samaki wanakusubiri, Jeppe," akajibu. "Mimi huu mwanga haunisubiri."

"Samaki hawamsubiri mtu. Njoo Januari nikuonyeshe."

"Januari mimi siji huku hata kwa bunduki."

Mwanga wenyewe, sisi tuliozaliwa nao hatukuwa tumeupa jina. Tulikuwa tunasema jioni, basi. Mwezi wa Juni jua huzama lakini giza haliji. Kinachokuja ni kitu kingine. Bahari na mbingu vinakuwa rangi moja, buluu iliyotiwa maziwa, mpaka ule mstari unaovitenga unapotea, na mchanga unabaki mweupe kana kwamba unaangazwa kutoka chini. Sauti ya mtu inatoka mbali na kukufikia nzima. Nilikuwa nimeishi miaka ishirini na sita bila kuutazama mwanga huo, kwa sababu nilikuwa na samaki wa kuparua. Bwana Thorsager ndiye aliyenifundisha kuutazama, na mpaka leo sijui kama nimshukuru au nimlaani.

Kiangazi cha kwanza alituomba mimi na Jeppe tumsimamie. Picha ilikuwa mke na mume wanaotembea kando ya maji. Yeye aliweka vigoda vyake juu mchangani, akaelekea baharini, na sisi akatusimamisha katikati ya hatua, akapanga mawe mahali pa nyayo zetu ili kesho tusipapoteze. Jeppe alikuwa mbele yangu kwa nusu hatua, na mkono wangu juu ya mkono wake. Upande wetu wa kushoto ulimwelekea mchoraji, na upande wa kulia ulielekea bahari. Hatukuruhusiwa kugeuza kichwa. Jeppe alikuwa akininong'oneza upuuzi kwa pembe ya mdomo ili nicheke nikemewe.

"Abelone. Mguu umekufa ganzi."

"Nyamaza."

"Nauliza tu. Nikianguka, huyu bwana atanichora nimelala?"

Kiangazi kile tulipata jioni kumi na moja nzuri. Mchanga ulikamilika, maji yakakamilika, mimi nikakamilika mpaka kifungo cha mwisho. Jeppe alibaki koti la buluu lisilo na kichwa. "Uso nitaumaliza mwakani," akasema Bwana Thorsager akifungasha. "Uso ndio wa mwisho daima."

Mwezi wa Machi mashua yao ilipinduka kwenye fungu la mchanga mbele ya kijiji, nasi tunaona. Walikuwa wanne. Watatu bahari iliwarudisha ndani ya juma moja tukawazika. Jeppe haikumrudisha. Kresten, mdogo wake, siku hiyo hakuwamo kwa sababu mkono ulikuwa umevimba jipu, na tangu hapo akawa anazungumza nami huku akiangalia viatu vyake.

Kijijini kwetu asiyepatikana hazikwi wala hapigiwi kengele. Koti lake la nchi kavu hutundikwa kwenye msumari karibu na mlango, na halishushwi mpaka mwaka upite. Mama Ane, mama mkwe wangu niliyekuwa nikiishi naye, ndiye aliyelitundika. Lilikuwa koti la buluu la Jumapili, lile lile la kwenye picha.

"Na mtu akilivaa kabla ya mwaka?" nilimuuliza.

"Halivaliwi."

"Nasema akilivaa."

"Aliyekufa majini hana kioo, mwanangu. Anajijua kwa koti lake. Ukimvisha mtu mwingine, marehemu atajuaje yeye ni nani?"

Mwezi wa Mei, jioni zilipoanza kurefuka, nilimwona. Nilikuwa nimeteremka kuchukua nyavu, jua limeshazama, na yeye amesimama kwenye miti ya kuanikia, mikono mfukoni, hana koti, ananiangalia. Sikuogopa. Nilifurahi, na sioni haya kulisema. Uso wake ulikuwepo wote, mzima, kama nilivyokuwa nikiuona kila asubuhi kwenye mto wa kulalia. Msiniulize ulikuwaje. Ningeweza kuueleza, nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Alikaa mpaka mwanga ulipoisha, naye akaisha. Kesho yake akaja tena. Siku ya mawingu hakuja. Nikajisemea, huyu naye amekuwa kama Bwana Thorsager, anga likichafuka hafanyi kazi, nikacheka peke yangu njiani kama kichaa. Nilimweleza Mama Ane. Hakushangaa. Aliendelea kufuma soksi.

"Amekuambia nini?"

"Hasemi."

"Vizuri. Akisema, usimjibu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe bado una kazi huku."

Sikumwogopa Jeppe. Nilichokiogopa ni Agosti. Agosti taa zinarudi mezani, jioni inakatwa kama mkate, unainua macho na nje ni giza tupu. Niliona wazi kwamba yeye anakuja kwa ule mwanga na ataondoka nao. Picha yake ya kamera haikuwepo popote duniani, maana mpiga picha alipita kijijini kwetu mara moja tu, na siku hiyo Jeppe alikuwa anavua. Nilitaka uso wake. Nilitaka niwe nao Novemba, na Desemba, na miaka yote ambayo ningekuwa mzee naye akibaki kijana. Sikutaka kingine.

Bwana Thorsager alirudi mwanzoni mwa Juni. Alikuja nyumbani na kahawa ratili mbili, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akalia. Alilia kweli, sisemi alijifanya. Halafu akajipangusa, akaniambia kwamba picha ile inasubiriwa kwenye maonyesho ya vuli, na kwamba anahitaji mtu wa kuvaa koti.

"Ni mwili tu, Bibi Abelone. Mikunjo ya mkono, mwanga begani. Jioni nane, tisa."

"Na uso?"

"Uso si lazima. Nitamgeuza aelekee baharini, watu wamwone kisogo. Pengine itapendeza zaidi."

"Basi katafute mwanamke mwingine wa kumshika kisogo."

Mama Ane aliyekuwa jikoni akaacha kugongagonga sufuria.

"Utamchora uso," nikasema, "na utakuwa uso wa Jeppe. Mimi nitakueleza ulivyo."

"Sijawahi kuchora kwa kusimuliwa. Kumbukumbu ni mwongo mkubwa."

"Yangu si mwongo. Mimi namwona kila siku."

Alifikiri ni maneno ya mjane, akatikisa kichwa kwa huruma, akakubali. Alipotoka Mama Ane alikuja akasimama mbele yangu, unga mikononi.

"Una uso wake bure," akasema. "Kwa nini unataka kumpa mtu akuuzie?"

"Kwa sababu uso huo utaondoka, Mama."

"Utaondoka, ndiyo. Ndivyo nyuso zinavyofanya. Zinakwenda polepole, na ukiziacha ziende zenyewe, zinakuachia kidogo."

Sikumsikia. Nilikwenda kwa Kresten. Walikuwa ndugu wa kufanana, urefu mmoja, mabega mamoja, na ukimwona kwa mbali moyo unaruka halafu unatua vibaya. Nilimkuta anatia lami mashua.

"Shemeji," akasema bila kuinua macho, "unaniomba nivae koti la mtu niliyemwacha aende peke yake."

"Hukumwacha. Ulikuwa na jipu."

"Jipu." Alicheka kicheko kibaya. "Nikiulizwa huko mbinguni nitasema hivyo hivyo. Samahani Bwana, nilikuwa na jipu."

"Unavaa au huvai?"

Alipaka lami kipande kizima kabla ya kujibu. "Navaa. Lakini Mama asinione nalo."

Nililitungua koti Mama Ane alipokwenda kulisha kuku. Aliporudi aliuangalia msumari, akaniangalia mimi. Niliyangoja maneno, nimeyaandalia majibu. Alikaa chini akachukua soksi yake, na ukimya ule ulinikasirisha kuliko matusi.

Jioni ya kwanza ilikuwa safi mpaka inauma. Kresten akasimama penye mawe ya Jeppe, yaliyopangwa upya, nami nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake. Kwa kona ya jicho niliona miti ya kuanikia nyavu, na Jeppe amesimama pale pale pake. Hakuniangalia mimi. Aliliangalia koti.

"Bibi Abelone, kichwa," akaita Bwana Thorsager.

Nikageuza kichwa mbele.

Jioni tatu alipaka koti tu, bega, mkono, mwanga ulioshuka mgongoni. Jioni ya nne akasema yuko tayari kwa uso. Niliandaa maneno kutwa nzima. Nilipofungua kinywa niligundua kwamba maneno ya uso ni machache mno. Pua ni pua. Unasema imenyooka, basi, pua za watu elfu zimenyooka.

"Hivi hatutafika," akasema mchoraji, brashi hewani, dakika zinakwenda. "Una ndugu yake hapo pembeni. Mwangalie Kresten, uniambie tofauti."

Ilionekana akili. Mpaka leo ikinijia usiku naiona bado ni akili, ndiyo maana inaniuma. Nikamwangalia Kresten.

"Pua kama hii, ila nyembamba hapa juu."

"Hapa?"

"Chini kidogo. Hapo. Nyusi kama zake, ila za Jeppe zinakaribia kukutana. Kidevu hicho hicho, kifupi zaidi."

"Shemeji, ukiendelea hivi nitaanza kujiona mbaya," akasema Kresten.

"Ulikuwa mbaya tangu zamani. Simama sawa."

Tulicheka, sote watatu. Bahari ilikuwa imelala, mchanga ule mweupe, na mbele yetu ile buluu isiyo na mwisho wala mwanzo. Nilijisikia vizuri. Lazima niseme na hili pia, kwa kuwa nimeanza kusema: nilipenda kusimama pale. Mkono wa Kresten ulikuwa na joto ndani ya koti la mume wangu. Wapo watu watakaokuambia uzuri haudhuru. Hao hawajasimama ndani yake dakika ishirini kila siku, wamekatazwa kugeuka.

"Kuna kovu," nikasema jioni ya tano. "Shavu la kulia. Ndoana ilimpasua utotoni. Linauvuta mdomo juu kidogo, akitaka kucheka linacheka kabla yake."

"La kulia?"

"La kulia."

"Hilo liko upande wa baharini. Halitaonekana."

"Lakini lipo."

"Lipo, Bibi. Ila kutoka hapa nilipo halipo." Aliangalia saa yake. "Zimebaki dakika sita. Tuendelee na jicho?"

Tukaendelea na jicho. Ningeweza kukataa. Ningeweza kumwambia ageuze picha nzima, aanze upya, asubiri mwaka mwingine. Ilikuwa jioni nzuri mno na dakika zilikuwa zinakwisha, nikamwachia.

Jioni ya sita tofauti zilikuwa zimepungua. Niliulizwa juu ya sikio nikamtazama Kresten muda mrefu, nikasema, "Hivyo hivyo." Papo hapo hofu ilinishika. Nikageuza kichwa kwa nguvu, Bwana Thorsager akapiga kelele, sikujali. Jeppe alikuwepo kwenye miti. Alikuwa ameinua mkono amejiziba uso, kama mtu aliyetoka ndani ghafla jua likampiga machoni.

"Jeppe," nikasema.

Kresten alikauka chini ya mkono wangu. "Unamwita nani?"

"Simama sawa," nikasema.

Jioni ya saba alikuwa amejiziba vile vile. Jioni ya nane hapakuwa na mtu kwenye miti. Nyavu tu.

Picha ilionyeshwa kwenye nyumba ya wageni siku ya mkesha wa Mtakatifu Yohane, mwishoni mwa Juni, kabla moto wa sikukuu haujawashwa ufukweni. Kijiji kizima kilijipanga kuingia, kofia mkononi, kimya kuliko kanisani. Nilikuwa nimejiandaa kumtafutia kosa. Sikulipata. Alikuwa mwanaume anayetembea kando ya maji pamoja na mkewe, mbele yake kwa nusu hatua, na mwanga umemwangukia kwenye paji la uso, na ungeweza kusikia jinsi kulivyo kimya mahali alipo. Mke wa mwenye nyumba alijiziba mdomo kwa aproni. "Ndiye," akasema. "Mungu wangu, ndiye huyo." Wazee waliovua naye miaka kumi walitikisa vichwa kukubali. Kresten alisimama mbele ya picha hiyo mpaka akasukumwa na wa nyuma.

"Na wewe unasemaje, Abelone?" akaniuliza Bwana Thorsager. Jasho lilikuwa limemtoka, maskini, alikuwa anaogopa jibu langu.

"Ndiye," nikasema. Sikudanganya. Nilimwona.

Mama Ane hakuja. Nilimfuata nyumbani, nikamwambia mbona kijiji chote kimekwenda. "Wangu ninaye," akajibu, akaendelea kukata mkate.

Usiku ule moto ulipowaka, vijana wakiimba, nilifumba macho nimwite Jeppe, kama nilivyokuwa nikifanya tangu Machi kabla ya kulala. Picha ndiyo ilikuja. Koti, paji la uso, lile jicho la kushoto. Nikajaribu kumwona anakula. Ikaja picha. Nikajaribu kumwona siku ya arusi yetu, mlangoni pa kanisa, mvua inanyesha, najua ilinyesha. Mvua niliiona, na mlango nikauona, na mlangoni ilisimama picha.

Nilirudisha koti kwenye msumari. Jioni ya siku ya pili yake nilishuka ufukweni. Kulikuwa shwari. Jua lilizama, ile buluu ikapanda kutoka majini, na Jeppe akaja.

Hakusimama kwenye miti. Alikuwa anatembea kando ya maji, amevaa koti, mbele kwa nusu hatua ya mtu asiyekuwepo, upande wake wa kushoto umenielekea. Uso ulikuwa mzuri. Ulikuwa na ung'avu, kama rangi ya mafuta kabla haijakauka, na jicho halikupepesa. Nilimfuata, yeye akaendelea, mimi juu mchangani na yeye chini majini, na kila nilipomkaribia nilimwona kutoka upande ule ule. Nikashindwa kuvumilia.

"Jeppe, geuka."

Akageuka. Alikuwa mtiifu sikuzote, hata alipokuwa akinitania. Aligeuka polepole kuniletea upande wake wa kulia, na upande ule hapakuwa na mtu. Palikuwa na bahari, na mbingu, na ule mwanga ukiwa mahali pa shavu, mtulivu, mzuri ajabu, mzuri kama jioni yoyote niliyowahi kuiona. Nilikaa chini kwenye mchanga wenye maji na kupiga kelele.

Nilipata miguu nikakimbia mpaka nyumba ya wageni. Bwana Thorsager alikuwa anafungasha, picha imeegemezwa ukutani, kwa sababu angeondoka na gari la alfajiri.

"Chora upande wa pili," nikamwambia.

"Bibi Abelone, umelowa. Kaa."

"Chora shavu la kulia. Kuna kovu. Nilikuambia kuna kovu."

"Turubai halina upande wa pili." Akaligeuza anionyeshe, kwa upole, kama anavyoonyeshwa mtoto chini ya kitanda kwamba hakuna kitu. Kitambaa kikavu, mbao nne, misumari. "Na hata nikitaka. Hilo kovu likoje? Refu? Limepinda wapi?"

Nikafungua kinywa. Nilikuwa na neno kovu, na neno ndoana, na neno shavu. Nyuma ya maneno hayo hapakuwa na kitu. Nilimwangalia, yeye akaniangalia, na nadhani hapo ndipo alipoelewa tulichofanya, kwa sababu aliinamisha macho akaanza kufunga brashi moja moja kwenye kitambaa, polepole sana, akizipangusa ingawa zilikuwa safi. Nasikia sasa picha hiyo imetundikwa kwenye jumba kubwa huko Kopenhagen, na watu husimama mbele yake wakisema jinsi jioni zetu zilivyo nzuri. Wanasema kweli.

Nilirudi nyumbani. Mama Ane alikuwa dirishani, hajalala. Kiangazi hatuwashi taa, tunakaa na mwanga mpaka uamue wenyewe kwenda. Niliketi kwenye kigoda miguuni pake, nguo zikinitiririka maji. Aliivua shali yake akaniwekea mabegani.

"Mama," nikasema. "Niambie Jeppe alikuwaje."

Niliona mikono yake inasita juu ya soksi. Alikuwa na kila haki ya kuniambia, "Nilikuambia." Hakusema.

"Sikio la kushoto lilikuwa limejikunja juu," akaanza, "alizaliwa nalo hivyo, nilikuwa nikilinyoosha kwa kidole anaponyonya. Kovu alilipata akiwa na miaka tisa. Kresten ndiye aliyerusha ndoana, akalia kuliko yeye. Lilianzia hapa, likapita hapa, likaishia kwenye pembe ya mdomo. Jua likimpiga linakuwa jeupe. Akiwa na hasira halionekani kabisa. Nywele za mbele hazikukubali kitana. Na akikusikiliza, kama kweli anakusikiliza, alikuwa anafunga jicho moja kidogo, hivi."

Akanionyesha. Alisema mambo mengi. Alisema mpaka buluu ya dirishani ikaanza kugeuka manjano upande wa mashariki, kwa kuwa Juni kwetu jioni haimalizi kuisha kabla asubuhi haijaanza. Sikumkatiza. Nilisikiliza kwa makini, nikatamani kila neno, na hakuna hata moja lililogusa kitu ndani yangu kikaitika. Alipochoka akanyamaza, nami nikaona ni adabu kusema jambo.

"Inaelekea alikuwa mtu mzuri, Mama."

Mama Ane aliniangalia kwa muda mrefu. Halafu aliweka mkono wake kichwani pangu, akauacha pale.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Ungempenda."